Mfupa Ukivunjika: Tiba Kwanza, Kisha Haki Yako

   

Kwa kawaida tukikutana hapa tunazungumza juu ya mbegu, mbolea, au wadudu waharibifu. Leo nitatoka kidogo nje ya shamba, nizungumze juu ya mguu na mkono wa mwenye shamba. Maana jembe halijiinui lenyewe. Mkulima akivunjika mguu mwezi wa Desemba, shamba nalo limevunjika.

Nianze na habari ya kweli kutoka huku kwetu Chitete, wilayani Momba. Jina la mwenyewe nalihifadhi. Ilikuwa mwezi wa Desemba, mvua za kupandia zimeanza. Mkulima huyu alikuwa anarudi kutoka dukani kwa miguu, amebeba mbegu ya mahindi begani, akipita pembeni kabisa mwa barabara. Pikipiki ikaja kwa nyuma, ikamgonga. Muundi wa mguu wa kulia ukavunjika. Watu wakakusanyika, wakambeba mpaka kwa fundi wa kuunga mifupa, akafungwa vijiti na majani. Polisi hakwenda mtu. Hospitali hakwenda mtu.

Siku ya tatu mwenye pikipiki akaja nyumbani na wazee wawili. Akaomba radhi kwa adabu, akatoa shilingi 200,000. Ikaandikwa karatasi kwamba mgonjwa amepokea fedha hizo na hana madai tena. Ikatakiwa shahidi anayejua kusoma na kuandika. Ndugu mkulima, shahidi huyo nilikuwa mimi. Nilitia sahihi yangu nikidhani nimewasaidia majirani wapatane.

Fedha zile ziliisha kabla ya mwezi wa Februari. Mwezi wa Machi mguu ulikuwa bado unauma, na umepinda. Alipofikishwa hospitali akapigwa picha ya eksirei. Akaambiwa mfupa umeunga vibaya, na kwamba kuunyoosha kunahitaji kuvunjwa upya na kutiwa chuma. Mwaka uliotangulia alikuwa amevuna kilo 600 za ufuta katika ekari 3. Mwaka ule hakupanda hata ekari moja. Na baadaye tukaja kugundua kwamba pikipiki ile ilikuwa na bima iliyo hai siku ya ajali. Bima ambayo hakuna aliyeiuliza.

Ndiyo sababu leo nazungumza nanyi habari hii. Nitaigawa katika sehemu tatu: tiba ya saa za kwanza, nani alipe, na karatasi gani zihifadhiwe.

Haya, tuanze na tiba. Mtu akianguka au akigongwa, utajuaje kwamba mfupa umevunjika? Mahali pale huuma sana ukipagusa, huvimba, pengine hupinda au kuwa pafupi kuliko upande wa pili, na mgonjwa hawezi kupatumia. Ukiwa na shaka, mhudumie kama aliyevunjika.

Usivute, usinyooshe, wala usikande. Mfupa uliovunjika una ncha kali, na ncha hizo zinaweza kukata mishipa ya damu au ya fahamu. Tafuta banzi mbili za mbao, au hata matete yaliyofungwa pamoja. Ziviringishie kanga ili zisichome ngozi. Ziweke pande mbili za mguu, ziwe ndefu kupita kiungo cha juu na kiungo cha chini ya pale palipovunjika. Funga kwa vitambaa, ila usifunge juu ya jeraha lenyewe. Kama ni mkono, utundike shingoni kwa kanga.

Kama mfupa umetoboa ngozi, usiurudishe ndani. Funika kwa kitambaa safi, basi. Usitie majivu, mafuta, dawa ya majani, wala kinyesi cha ng'ombe. Vitu hivyo huleta usaha ndani ya mfupa, na vinaweza kuleta pepopunda. Wala usimpe mgonjwa chakula njiani, maana huenda akahitaji kupasuliwa.

Paja likivunjika, fahamu kwamba mgonjwa anaweza kupoteza zaidi ya lita moja ya damu ndani kwa ndani bila wewe kuona hata tone moja nje. Huyo ni wa kukimbizwa. Na aliyeumia mgongo au shingo, tafadhali sana, asipakiwe katikati ya watu wawili juu ya bodaboda. Mlaze kwenye ubao au mlango ulionyooka, mbebeni watu wanne, mtafute gari.

Sasa, habari ya mafundi wetu wa kuunga mifupa. Sikuja hapa kuwatukana wazee. Wengi wana mikono yenye uzoefu, na wengi ni waungwana. Lakini fundi hana eksirei. Hawezi kuona kama vipande viwili vya mfupa vimekutana au vimepishana. Hatari kubwa zaidi ni kufunga kwa kukaza mno. Ukiona vidole vimekuwa baridi, vimebadilika rangi, vimekufa ganzi, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, legeza mara moja umkimbize mgonjwa hospitali. Damu isipopita kwa saa chache tu, nyama hufa, na mguu ambao ungepona unaweza kukatwa. Onyo hilo hilo ni kwa aliyefungwa plasta ya hospitali, ile ambayo wengine huiita muhogo. Nayo ikibana, rudi siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Na uwe na subira. Mkono wa mtu mzima huchukua kama wiki 6 hadi 8 kuunga. Muundi au paja huchukua miezi 3 au 4, na pengine zaidi. Mtoto hupona upesi kuliko mzee. Katika muda huo kula maharage, dagaa, maziwa, mayai na mboga za majani, na acha sigara, kwa kuwa sigara huchelewesha mfupa kuunga. Usikimbilie shamba kwa sababu umeona jirani amepalilia.

Hayo ni ya tiba. Sasa tuje kwenye swali ambalo sisi wakulima hatuliulizi: je, nani alipe?

Jibu linategemea umeumiaje. Nitatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa chombo cha moto: gari, trekta barabarani, bajaji, au pikipiki. Katika nchi yetu iko Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, ambayo asili yake ni mwaka 1945. Sheria hiyo inamlazimisha mwenye chombo kukikatia bima kwa ajili ya watu wengine watakaoumizwa nacho barabarani. Elewa vizuri hapo, ndugu mkulima. Bima hiyo ndogo, ambayo mwenye bodaboda huilalamikia kila mwaka, haikuwekwa kwa ajili yake. Imewekwa kwa ajili yako wewe unayepita pembeni na mbegu begani.

Kwa hiyo dereva akikuambia, "Mzee, mimi ni maskini kama wewe, sina kitu," huenda anasema kweli. Lakini kampuni iliyopokea fedha za bima yake ina kitu. Kumdai bima si kumfilisi jirani, wala si kumchukia. Ukimwonea huruma ukaiacha bima, umeisamehe kampuni, hukumsamehe jirani.

Hapa nitoe tahadhari kwa wale wanaodandia lori la mazao na kukaa juu ya magunia kwenda mnadani. Bima hii ya lazima inamhusu mpita njia, na abiria aliyelipa nauli. Abiria wa bure juu ya mzigo anaweza kujikuta nje ya bima kabisa. Akianguka, atabaki kumdai mwenye gari tu. Na dereva aliyejiangusha mwenyewe kwa kosa lake hawezi kutegemea bima hiyo imlipe yeye.

Mfano wa pili ni wa mtu aliyeumia akiwa kazini kwa mwajiri. Labda vijana wako wanafanya kazi Tunduma kwenye maghala, au kwenye mashamba makubwa ya kahawa kule Mbozi, au kwenye kampuni ya ujenzi wa barabara. Hao wanahusika na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF. Sheria yake ilitungwa mwaka 2008, na Mfuko ukaanza kazi mwaka 2015. Kabla ya hapo sheria ya zamani iliweka kikomo cha fidia kuwa shilingi 108,000 kwa ulemavu na shilingi 83,000 kwa kifo, hata thamani ya fedha ilipokuwa imeshuka vibaya. Sasa sivyo. Anayechangia Mfuko ni mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti.

Aliyeumia kazini anatibiwa, na akishindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 24. Akibaki na ulemavu wa kudumu wa asilimia 30 au chini yake, hulipwa mkupuo mmoja. Ukizidi hapo, hulipwa pensheni ya kila mwezi. Akifariki, wategemezi wake hulipwa. Lakini lazima mwajiri aarifiwe mara moja, naye anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7. Miezi 12 ikipita bila ajali kuarifiwa, haki inaweza kupotea. Na kijana asikubali kuambiwa, "Wewe ni kibarua tu, huna haki." Aende akaulize WCF wenyewe, au ofisi ya kazi ya mkoa.

Mfano wa tatu ni wetu sisi tunaojilimia. Umeanguka kutoka juu ya mwembe wako. Ng'ombe wako wa kukokota jembe amekupiga teke. Mkokoteni wako umekupindukia. Hapo, nisikudanganye, hakuna wa kumdai. Mkulima anayejilimia mwenyewe hana mwajiri wa kumchangia WCF. Kinga yako ni bima ya afya uliyojiunga nayo kabla ya kuanguka, na kikundi chenu cha kulimiana na kusaidiana. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Muulize mganga wa zahanati au ofisi ya kijiji utaratibu wa kujiunga. Ajali hailetwi na barua ya mwaliko.

Na wewe unayekodi vibarua wa kupukuchua mahindi kwa mashine, kumbuka kwamba kwa siku hiyo ni wewe uliyewapa kazi. Funika mikanda na shafti inayozunguka. Usimruhusu mtu mwenye kanga inayoning'inia au shati lisilofungwa vifungo kusimama karibu. Mashine haina masikio, hata mkipiga kelele haisimami.

Tufike sasa kwenye sehemu ya tatu, ambayo ndiyo hutushinda wengi: karatasi.

Siku ya ajali yenyewe, uhai ndio wa kwanza. Mgonjwa apelekwe hospitali, na ndugu mwingine aende kituo cha polisi kutoa taarifa na kuchukua fomu ya polisi namba 3, ile PF3. Daktari ataijaza. Bila PF3 ni vigumu sana baadaye kuthibitisha kwamba mguu ulivunjwa na pikipiki ile, siku ile. Watu watasema ulianguka kisimani.

Kabla pikipiki haijaondolewa, mtu mmoja mwenye akili iliyotulia aandike namba yake ya usajili. Si jina la dereva tu. Dereva anaweza kuwa deiwaka wa siku moja. Namba ya usajili ndiyo itakayowezesha kuangaliwa katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, ili ijulikane bima ni ya kampuni gani na ilikuwa hai au imekufa. Mwenye simu apige picha: mahali, chombo, na alama za breki barabarani. Andika majina ya watu wawili watatu walioona.

Baada ya hapo anza kukusanya. Nakala ya PF3. Taarifa ya polisi pamoja na ramani ya ajali, na taarifa ya ukaguzi wa chombo. Ripoti ya daktari, na mfupa ukishapona, ripoti inayosema umebaki na ulemavu wa kiasi gani. Picha za eksirei zenyewe, usiziache hospitali. Risiti za dawa, za kulazwa, za magongo, na za nauli ya kwenda kliniki. Barua ya afisa mtendaji wa kijiji inayokutambulisha, na kitambulisho chako. Kama dereva alishtakiwa, nakala ya hukumu. Vyote hivyo vitie kwenye mfuko wa nailoni, uvitundike mahali ambapo panya na mvua havifiki.

Nasema habari ya hukumu kwa sababu watu hukosea hapa. Dereva akishtakiwa na trafiki akatozwa faini, mgonjwa hudhani mambo yamekwisha. Hapana. Faini inakwenda Serikalini. Faini si fidia. Fidia inakuja kwa aliyeumia, naye ndiye lazima aidai: kwanza kwa kampuni ya bima kwa barua yenye vielelezo, na ikishindikana, mahakamani.

Sasa sikiliza jambo linalotuhusu hasa sisi watu wa kilimo. Mahakama hutofautisha hasara ya aina mbili. Iko hasara ya jumla, yaani maumivu na mateso, ambayo hakimu huikadiria. Na iko hasara mahususi, yaani fedha ulizotumia na mapato uliyokosa. Hii ya pili lazima uitaje kwa kiasi chake na uithibitishe, shilingi kwa shilingi. Mahakama ya Rufani imekwisha kulisema hilo mara nyingi.

Mwenye mshahara huonyesha hati ya mshahara. Wewe mkulima utaonyesha nini? Utaonyesha daftari la shamba! Lile daftari ambalo kila mwaka nawaambia mliandike, nanyi mnacheka mkisema bwana shamba anapenda kuandika. Ekari ngapi ulilima, magunia mangapi ulivuna, uliuza wapi, kwa bei gani. Kama uliuza ufuta kupitia chama cha msingi, tunza stakabadhi. Kama ulilazimika kulipa vibarua wakulimie kwa sababu umelala kitandani, andika majina yao na wasaini. Mtu aliyevuna kilo 600 mwaka jana na sifuri mwaka huu, naye ana daftari na stakabadhi mkononi, maneno yake yana uzito. Asiye na daftari atabaki kusema, "Nilikuwa napata nyingi tu," na nyingi haihesabiki.

Angalia na muda. Madai ya mtu kuumizwa kwa uzembe wa mwingine yana kikomo cha miaka 3 kufunguliwa mahakamani tangu siku ya ajali. Miaka mitatu huonekana mingi, lakini mmoja huishia kitandani, wa pili kwenye magongo, na wa tatu kwa "njoo kesho". Usingoje.

Kampuni ya bima ikikuzungusha, peleka malalamiko TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kama huna fedha ya wakili, iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua wasaidizi wa kisheria. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri wakuonyeshe walipo. Na jihadhari na vishoka wanaozunguka wodini, wanaotaka utie dole gumba ili wakufuatilie fedha. Wapo watu waliolipwa fidia bila wao wenyewe kuiona.

Je, basi kupatana nyumbani ni kosa? La. Upatanisho ni mila njema, nami sitaki tuwe watu wa kushtakiana kila siku. Mwenye pikipiki akileta fedha ya dawa siku ya kwanza, ipokee na umshukuru. Lakini iandikwe hivi: "Nimepokea kiasi fulani kwa ajili ya matibabu ya mwanzo." Isiandikwe, "Sina madai tena," kabla daktari hajasema mguu umepona au umebaki na kilema. Maneno hayo matatu yanaweza kutumika dhidi yako siku utakapofika mbele ya bima au hakimu. Utauzaje gunia kabla ya kulipima?

Mkulima yule wa Chitete bado yupo. Anatembea na fimbo, na bado anakuja kwenye shamba darasa letu, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa wakati wengine wamesimama. Msimu uliopita, tulipokuwa tunapima mistari ya ufuta, aliniuliza kwa upole, bila hasira: "Bwana shamba, ile karatasi tuliyoandika siku ile, ilikuwa ya kumsaidia nani?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwomba radhi, na nikamwahidi kwamba nitawaambia wengine. Leo nimetimiza.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, kumbuka mambo matano. Funga banzi, usivute. Nenda hospitali ukapigwe picha. Chukua PF3 na namba ya usajili ya chombo. Tunza daftari la shamba na risiti. Na usitie sahihi ya "sina madai" kabla mfupa haujaunga. Kama jirani yako hana redio, msimulie jioni ya leo.

Wiki ijayo nitarudi kwenye kazi yangu ya siku zote, tuzungumze juu ya kukausha na kuhifadhi mahindi yasipate sumukuvu. Mpaka hapo, mimi bwana shamba wenu nasema, pita pembeni mwa barabara, na kwa heri ya kuonana.